Gari la Rigobert Limekataa Kuwaka

Bel-Air, Lubumbashi, 2 Juni 2024

Mwanangu Aristote,

Jambo yako huko Johannesburg. Kifua kimepona? Sweta unavaa? Sisi huku tupo, Mungu anatushika, ila kichwa changu kimevurugika.

Ni gari la marehemu papa yako Rigobert. Tangu tumzike halijatoka uani, mwaka mzima sasa. Jana nilizungusha ufunguo, nikapiga kontak: kimya. Na baba yako mdogo Godefroid ameshaleta wazee wa familia. Walikaa sebuleni, wakala kuku wangu, halafu akasema: "Gari iko ya kaka yangu. Kama marehemu anapenda Constance abakie nayo, itawaka siku ya kuondoa kilio, mbele ya bantu bote. Kama inakatala, mimi njo mwenye kuriti jina yake, ninaibeba." Na wazee wakakubali kwamba likikataa, yeye ndiye mrithi! Bila gari, magunia ya unga ninayouza nitayafikishaje chuoni Kasapa? Wale wanafunzi ndio wanaonilisha. Kilio tunakiondoa tarehe 29. Nifanye nini?

Mama yako

Johannesburg, 4 Juni 2024

Mama mpendwa,

Jambo sana. Kifua kimepona na sweta navaa, usinicheke. Presha yako je?

Mama, marehemu hawana kazi na moteri ya gari. Gari lililolala mwaka mzima limekufa batri, basi. Mwite Chola, yule fundi wa kwenye kona, aweke batri nyingine. Esansi ya zamani, hiyo petroli iliyolala tangini, aimwage yote, imeshaharibika. Baba mdogo mwache aongee.

Mwana wako, Aristote

Bel-Air, 11 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Natumaini umekula, maana mimi chakula hakipiti.

Chola aliweka batri, taa zikawaka, nikapiga vigelegele peke yangu. Halafu moteri ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akamwaga esansi, akatia mpya. Haikushika. Akatoa buji, zile plagi za cheche, akazipangusa, akazirudisha. Haikushika! Mwisho akainuka, mafuta machafu mpaka puani, akaniambia: "Mama Constance, pompe ya esansi haiko inapata kuran, umeme haifike. Juu ya nini, mi sijue. Vingine byote biko bizuri, na gari iko inakatala."

Mimi ni Mkatoliki, Aristote, unanijua. Lakini jana nilisimama mbele ya gari nikamwuliza papa yako: nimekukosea nini? Miaka yote uliyofanya kazi reli, nani aliamka alfajiri akakupikia? Usimwambie mtu kwamba naongea na gari. Na Godefroid anapita hapa kila siku, hasaidii chochote, anacheka tu.

Mama yako, aliyechanganyikiwa

Johannesburg, 20 Juni 2024

Mama,

Jambo, na pole sana. Umeanza kula? Nisamehe kwa kukaa kimya, nilikuwa nauliza kila mtu. Na mimi nilichanganyikiwa, hata nikaanza kuogopa, nakwambia ukweli.

Leo fundi mmoja wa kwetu, mtu wa Likasi, amenicheka. Anasema wazee wengi huko, kwa kuogopa wezi, walifungisha kitufe cha siri kinachokata umeme wa pompe. Wakiegesha wanakizima, wakitaka kuondoka wanakiwasha. Mama, pitisha mkono chini ya usukani, nyuma ya plastiki, polepole. Na usimwambie mtu.

Mwana wako

Bel-Air, 30 Juni 2024

Mwanangu,

Jambo yako. Leo sina moyo wa kuuliza mengi, wewe uwe mzima tu.

Kitufe kipo. Kidogo, cheusi, upande wa kushoto. Nilikigusa nikakiacha, nisije nikawasha moteri Godefroid akasikia.

Jana tulitoka misa, ua ukajaa watu. Nimevua nguo nyeusi, nimevaa kitenge kipya. Nikaingia garini, nikainama kama mtu anayepanga kitenge chake, nikabonyeza, nikapiga kontak. Likashika hapohapo! Wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakasema marehemu amejibu. Gari ni langu, hakuna tena wa kuligusa. Kesho napeleka unga Kasapa.

Nilipaswa kufurahi. Lakini saa ile nabonyeza, watu wote walikuwa wanatazama kapo, boneti ya mbele, wakingoja moteri ishike. Godefroid peke yake alikuwa anatazama mkono wangu wa kushoto.

Alijua, Aristote. Papa yako alimwonyesha. Nimelala na yule mwanamume kitanda kimoja miaka yote hii. Mbona alimwambia ndugu yake, mimi akanificha?

Mama yako