Pikapu Imezima Tena

Sitalike, Jumanne

Imezima tena! Mara ya tatu tangu tutoke Usevya, na mama mkwe yumo ndani na mpunga wake. Fundi Kasian kabadilisha chujio la dizeli, kasafisha pampu, bado. Nikamfokea mbele za watu kwamba anabahatisha tu.

Yeye akaenda kwenye tangi, akafungua nailoni iliyoziba mahali pa mfuniko uliopotea. Tangi likavuta hewa, fyuuu! Gari likawaka palepale.

"Bro, tangi nalo linapumua; likikosa hewa dizeli haitoki. Nani kaliziba hivi?"

Mimi. Kwa mpira wa baiskeli, mafundo manne, nikijisifu kwamba vumbi halitaingia. Nikainama kukagua tairi.

Mama mkwe alikuwa ameniona nikiifunga. Akaangalia pembeni, akamwambia fundi, "Watoto wa pale nyumbani, baba."

Afadhali angenitaja.