Jina Ulilomwomba Bwana Hogadi

Mdogo wangu Saidi uliyeko Dar es Salaam,

Nakuita Saidi kwa sababu hilo ndilo ulilopewa na wazazi. Lile jingine ulilojibandika siwezi kukuitia bila kutema mate. Na barua hii naiacha wazi ili asomaye asome, maana wewe mwenyewe hukuona haya hadharani.

Unakumbuka jioni ile kwa Bwana Hogadi, Wazungu walipokuwa wakijenga bandari ya kupakilia karanga za mashamba yao? Mimi nilikuwa yaya wa watoto wake, na wewe nilikuombea kazi ya ukarani. Ukaja barazani umevaa viatu vya kuazima, ukamwomba ruhusa ya kutumia jina lake la ukoo. Ulimwambia kuwa jina la baba halisikiki ofisini.

Bwana alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akakueleza bila kuficha. Alisema jina hilo kwao lina maana ya mchunga nguruwe. Wazee wake wa zamani walikuwa wakiswaga nguruwe wa tajiri msituni, wakila mabaki na kulala nao kibanda kimoja wakati wa baridi. Baadaye mmoja akawa mchinjaji, mwanawe akafungua duka la nyama, na babu yake Bwana aliponunua farasi, ukoo mzima ukaacha kuzungumzia habari za nguruwe. Akakuuliza, "Wewe Mwislamu, unalitaka?"

Ukajibu, "Haidhuru, Bwana."

Nilikuwa nimesimama pale na sinia mkononi. Ulipoondoka, Bwana alimwambia mkewe kwamba hata mbwa wake asingelipenda jina lile. Yeye alizaliwa nalo, hakuwa na la kufanya. Wewe uliliomba.

Ungeishia kwenye ujinga, ningekucheka tu. Lakini baba alitoka Nanyamba kwa miguu kuja kukuona, amebeba korosho za kubangua ulizozipenda tangu utoto. Pale kwenye lango la ofisi yenu alimtaja Saidi bin Mfaume. Askari akamwambia hamjui mtu huyo, maana ofisini ulikwisha kujiita kwa jina la Bwana. Baba akakuona ndani, akakuita. Ulisogea, ukamtazama usoni, ukamwambia askari, "Mpe maji huyo mzee, aende zake."

Baba hakunywa. Korosho alimwachia askari, akaja kwangu Chuno, akakaa mkekani akijikanda magoti. Nilimuuliza kama amekuona. "Nimemwona," alisema. "Mwanangu mzima." Habari za langoni nilizipata kwa askari mwenyewe, tena siku tuliyomzika baba, alipokuja kuhani huku akilia. Askari alilia, Saidi. Wewe ulituma salamu kwamba una shughuli.

Mashamba ya karanga yaliposhindwa, Bwana aliuza viti na vitanda akarudi kwao. Hakukuaga. Sasa nasikia huko uliko unawaambia watu kwamba babu yako alikuwa Mzungu mwenye cheo. Mzungu mwenyewe alisema wazi wazee wake walichunga nini. Wewe unawaongopea watu kwa ukoo usio wako. Zamani nilikukasirikia. Siku hizi hasira imekwisha, imebaki kinyaa tu.

Jambo moja ulijue. Mkeo uliyemtelekeza yupo kwangu na mwanao wa kike. Wiki iliyopita tulimpeleka mtoto shule. Mwalimu alipouliza jina la babu yake, mama yake alinitazama mimi. Mtoto hakungoja. Alisema, "Mfaume," kwa sauti, na mwalimu akaandika. Usije ukadai libadilishwe. Mama yake hataki, mtoto hataki, na mlangoni kwangu hutapita.

Kaa salama huko na nguruwe wa watu.

Mimi dada yako,
Binti Mfaume, Chuno