Fiba Juu ya Ulimbo

Ikola,
Jumatatu asubuhi.

Mpendwa Baba Melkior,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, Baba. Natumaini barua hii itakukuta macho yana nafuu, na kwamba dada Lucia hakulazimishi tena kunywa uji usio na sukari. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Mguu wake umepungua kuvimba, na jana alitembea mwenyewe hadi kanisani. Mimi mwanao Makarius ni mzima wa mwili. Ya moyo ndiyo yaliyonikalisha hapa na kalamu. Ningeweza kupiga simu, lakini ungeniuliza swali moja tu nami ningekata. Namwomba Lucia akusomee yote, hata pale atakapotamani kuruka.

Dagaa mwezi huu si haba, wanawake wanaanika mpaka karibu na zahanati. Banda lako la kuzibia boti lipo, halijavuja. Kuku wa jirani alitagia ndani ya sufuria lako la ulimbo, nikamfukuza, na Mama akanigombeza siku nzima kwa sababu ya mayai.

Watu bado wanakutaja, Baba. Wanasema macho ya mzee Melkior yalikuwa yamekwisha, akaacha upenyo kwenye boti ya Wiliam, na Zablon akafa. Hawasemi kwa ubaya. Wanakuonea huruma, na huruma hiyo ndiyo inayonichoma. Hata Maximilian, mteja wako, ameamua kupeleka boti yake Karema ikazibwe huko.

Uliyafahamu mengi kabla hujalala na malaria, ila niyaandike kwa utaratibu ili Lucia naye aelewe. Boti ile uliiziba kwa siku tano. Ulichovya pamba kwenye ulimbo wa miti uliochemshwa na mawese, ukaishindilia kwa patasi kwenye maungio yote ya mbao. Siku ya sita homa ikakuangusha. Kilichobaki kilikuwa kuiloweka boti siku tatu kwenye maji ya kina kifupi, mbao zivimbe, halafu safari ya kwanza baada ya kuzibwa. Na safari ya kwanza, kwa desturi yetu, mkono ulioziba lazima ukae ndani. Fundi akiumwa, anakaa mwanawe. Wiliam alisema wazi kuwa haondoki bila mtu wa nyumba yetu.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Kigoma, kichwa kimejaa fiba, kitambaa kile cha nyuzi za kioo kinachogandishwa kwa gundi. Unaikumbuka gundi ile ya kwenye galoni: unatia dawa ya kugandishia, inapata moto yenyewe, kisha inakuwa ngumu kama kucha. Kule wanatengenezea matangi na boti nzima. Nilikuwa nakuchosha nayo kila jioni. Nilikuambia kuwa meza za hoteli za Mpanda zinang'aa kwa gundi ya namna hiyo, kwamba hata jino la Mama lilizibwa kwa gundi iliyo ndugu ya hiyo, na kwamba wewe peke yako ndiye umebaki na sufuria. Ukanijibu kwamba ubani wa kanisani nao ni utomvu wa mti, na Mungu hajaulalamikia bado. Nilicheka, lakini iliniuma.

Sasa nasema, Baba. Ulipokuwa kitandani nilikwangua ulimbo wako upande wote wa kushoto, chini ya usawa wa maji. Nikabandika kitambaa cha fiba, nikakipaka gundi, na juu yake nikapiga rangi ya bluu ya Wiliam ili mtu asijue. Nilitaka upone uone kazi yangu. Kuloweka nikaona ni kupoteza wakati. Mbao iliyokunywa mawese miaka kumi haishikwi na gundi ile, inaganda juu tu kama utando wa maziwa kwenye chai. Kigoma walinifundisha juu ya mbao mpya, na mimi sikuuliza.

Kuna baya zaidi. Asubuhi ya safari niligonga ubavu wa boti kwa kidole, pakalia kama debe tupu, fiba ilikuwa imeachana na mbao. Nilisikia vizuri kabisa. Ningetamka neno moja, boti ingerudi nchi kavu. Lakini watu walikuwa wamejaa, wanawake wanapiga vigelegele, nikaona aibu. Nikashika tumbo, nikasema naharisha. Baba mdogo Zablon, rafiki yako wa tangu utoto, akacheka kwamba mtoto wa Melkior ameogopa maji. Akasema yeye na wewe ni nyumba moja, akapanda akakaa mahali pangu ili desturi isivunjike. Kabla ya kufika Karema ganda lote likabanduka, maji yakaijaza boti. Wiliam na wenzake wawili walishikilia madumu matupu mpaka wakaokolewa. Zablon, na lile bega lake bovu, hakuweza.

Siku walipoivuta boti ufukweni ulitoka kitandani ukishikwa mkono. Vidole vyako vikapita kwenye mbao za kushoto, vikasimama penye ukingo mwembamba wa fiba uliobaki chini ya rangi. Macho yako hayaoni vizuri, ila vidole vyako navijua. Ukageuza uso upande wangu. Kisha ukawaambia watu kwamba kazi ile ni ya mkono wako. Mazikoni mjane wa Zablon, mama mdogo Pudensiana, akakunyima mkono wa pole mbele ya jeneza, na wiki iliyofuata ukahamia Mpanda kwa Lucia. Ulinikingia kifua, nami nimejificha nyuma yake miezi minne. Nisamehe, Baba. Nimechoka kuwa mtu mwema machoni pa watu.

Jana baada ya Misa nilikwenda kwa mama mdogo Pudensiana. Alikuwa anapepeta mchele. Nilimwambia yote, kuanzia kukwangua hadi tumbo. Hakunitukana. Aliendelea kupepeta mpaka akamaliza, ndipo akauliza kama wewe ulijua. Nikamwambia ulijua. Akasema kwangu mimi hana neno la msamaha, na nisimsumbue kuliomba. Ila nikuandikie uje, kwa kuwa mkono aliokunyima ulikuwa haki yako na anataka kukupa mwenyewe. Wiliam na mwenyekiti wa kijiji nao nimewaambia. Jumamosi watakaa kuzungumza habari yangu. Naogopa sana, lakini tumbo safari hii sitalishika.

Nisalimie shemeji na watoto. Mwambie Lucia asilie mbele yao. Mama anasema mto wako bado uko upande wako wa kitanda.

Njoo na basi la Alhamisi. Nitakuwa stendi, nitabeba begi lako mpaka uani kwa mama mdogo. Usinipe mkono, Baba, mpaka yeye akupe wake.

Ni mimi mwanao, niliyepaswa kukaa ndani ya boti ile,

Makarius Melkior