Somoe Hakuwa na Kijicho

Dada Somoe,

Tangu tukuzike, watu wa Likombe wamekuwa wema kwako ajabu. Siku ya mazishi nilimsikia shangazi yetu, Bi Mwajuma, akiwaambia waombolezaji kwamba ulikuwa na macho ya upole. Macho ya upole! Yeye ambaye kila ulipokwenda kumtazama mzazi alipaza sauti kabla hujavuka kizingiti: "Mfunikeni mtoto, Somoe huyo!" Kanga ikateremshwa usoni kwa kichanga, mbele yako, na mkononi una uji wa mzazi ulioupika mwenyewe. Ulirudi nyumbani ukaniambia wanamkinga na upepo.

Walisema una kijicho. "Likikuangukia jicho lake, maziwa yanakauka." Ninachokasirikia, Dada, ni kwamba maneno wanayajua. Kijicho ni cha mtu anayeumia kwa alichopata mwenzake. Kukata jicho ni kumtupia mtu macho ya pembeni, kisha ukageuka kama umeona uchafu. Kukodoa ni kumtumbulia mtu macho kwa ugomvi. Wewe ulikuwa unafinya macho, basi, kwa sababu huoni mbali, na katika kufinya hakuna uadui wowote. Nani hakujua? Ulimwamkia mbuzi wa Mama Hadija shikamoo, mtaa mzima ukacheka, na wewe ukacheka kuwashinda. Walijua huoni. Wakachagua neno baya kuliko yote wakakuvika.

Sasa sikia. Siku ya arobaini yako, baada ya hitima, nilimwita Zaituni wako kutoka upande wa pili wa uwanja. Akasimama, akafinya macho kunitafuta katikati ya wanawake. Wewe mtupu. Bi Mwajuma, mkono ukiwa kwenye sinia la pilau yetu, akasema: "Na haka nako kamerithi kijicho cha mamake."

Mtoto wa miaka saba.

Nilisimama. Nikamwambia, "Shangazi, huyu haoni. Anayekata jicho hapa ni wewe." Walioketi wakaacha kula. Mmoja akasema, "Astaghafiru, anamjibu shangazi yake!" Kwa lile alilotupiwa mtoto hakuna aliyesema astaghafiru. Hata mmoja, Dada.

Nilimpeleka hospitali, akapata miwani. Tukirudi tulipita kwa Bi Mwajuma, amekaa barazani. Zaituni akamwamkia vizuri, kama ulivyomfundisha. Tuliposogea mbele akanivuta mkono: "Mama mdogo, kumbe Bibi huwa ananiangalia vile?"

Nikasimama pale njiani. Kumbe wewe hukuwahi kuwaona. Kanga uliiona, ilikuwa karibu. Nyuso hukuziona. Miaka yote ile nilikwambia wamekununia, ukaniuliza, "Nani? Saa ngapi?" Nikadhani unajikaza. Sijui sasa nifurahi au nilie.

Nilimwambia ukweli. Kwamba kuangalia vile kunaitwa kukata jicho, na anayekata ndiye mwenye shida.

Nakuahidi hivi: kila jicho atakaloangaliwa nalo nitamtajia jina lake, asije akavikwa la mwingine. Na penye mzazi tutaingia wote wawili, uji mkononi. Atakayeteremsha kanga atanieleza mimi anaficha nini.

Pumzika, Dada. Mwanao anaona.