Singo Haina Sindano

Jumamosi. Mawingu yametanda Mbagala tangu asubuhi, mvua hainyeshi, joto halipungui. Na roho yangu hivyohivyo.

Namshuku Jesca.

Nilimpangisha chumba cha nyuma cha saluni yangu akisema anafanya usafi wa uso tu. Leo kaja Mwana, binti wa jirani yangu, anaolewa Ijumaa. Anataka singo. Nikatoa liwa na maji ya waridi, nimsugue kama nilivyowasugua maharusi wa mtaa huu miaka yote.

"Siyo hiyo, shangazi. Ile ya sindano. Ya dokta Jesca."

Singo ya sindano.

Nimelirudia neno hilo kutwa, nikaona ujanja wake. Ukisema unadunga watu dawa ya kung'arisha ngozi, mtu atauliza kibali, atauliza cheti. Ukisema singo, nani aulize? Singo kila somo anayefunda maharusi anaisugua uani kwake. Na leseni ya saluni ina jina langu, si lake.

Nikaingia kule nyuma. Tangu asubuhi wameshatoka wateja watano. Kwenye ndoo ya taka, kichupa kimoja cha dawa, cha kumtosha mtu mmoja. Je, hao wanne wengine kawadunga nini?

Nikamuuliza cheti. Akacheka.

"Da Zuhura, wewe umesomea wapi hadi uniulize mie cheti?"

"Sijasoma. Ndiyo maana sidungi mtu."

Mpaka wa kazi yangu naujua: nywele, nyusi, kusugua. Ngozi ikishatobolewa, hiyo ni kazi ya hospitali. Nikamwambia ahame leo hii.

Akafungasha taratibu, anatabasamu. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Anayefukuzwa akatabasamu ana pa kwenda.

Jioni mama yake Mwana kanipigia. Eti nina wivu, nataka binti yake aolewe kafifia ili mie niuze liwa yangu. Nikamwacha aseme mpaka akachoka. Nilitaka kumuuliza Mwana yuko wapi, nikaogopa jibu.

Maana aliondoka hapa mara tu baada ya Jesca, na hakushika njia ya kwao.

Kesho nitakwenda kupiga hodi. Sitamsema mtu, sitagombana. Nitamwomba tu bibi harusi anipe mikono yote miwili, niitazame.