Mtani Haingii kwa Jina la Ndugu

Mtani wangu Maganga, mchukuzi wa mizigo isiyokuhusu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua: umelala, kama ulivyokuwa ukilala kwenye kiti changu kila ukishiba. Nakuandikia hadharani ili na wengine wasome, maana kuna watu Minneapolis hii wanaodhani siku ile ya lango nilikuwa nimelewa. Wewe unajua mimi sijaonja hata togwa iliyochacha.

Unakumbuka tulivyokutana? Ilikuwa Champlin, sebuleni kwa watu, Watanzania wanasherehekea Uhuru kwa pilau kwenye sahani za karatasi huku nje theluji imefika magotini. Nilikuwa sijavua hata viatu, nikasikia sauti kutoka jikoni: "Nasikia harufu ya Mzaramo! Mtumwa wangu amefika, mpigieni ngoma acheze!"

"Na wewe Mnyamwezi," nikajibu, "umetua mzigo wa nani hata ukapata nafasi ya kula?"

Nyumba ikaangua kicheko. Watoto waliozaliwa huku wakauliza kwa Kiingereza kama tunagombana. Mama yao akawaambia, "Hapana, wanasalimiana."

Ulipoondoka, uliondoka na koti langu. Lile la rangi ya machungwa, la wawindaji, ambalo mtu akilivaa anaonekana kutoka ng'ambo ya Mississippi. Nilipokupigia simu hukuona hata haya. "Mtani haombi," ulisema. "Mtani anachukua." Na ni kweli. Baridi yote ile nilivaa sweta mbili na kukutukana.

Wanaosoma barua hii wasiojua mambo yetu, nawaeleza kidogo. Babu zako waliposhuka pwani na pembe mabegani, aliyefia njiani alizikwa na babu zangu. Hakuwa na shangazi wa kumlilia wala mjomba wa kumsindikiza. Alikuwa na Mzaramo tu, wa kuchimba, wa kufukia, na wa kumcheka kwa uzembe wa kufa mbali na kwao. Ndio utani huo. Wengine wanadhani ni mzaha.

Halafu na wewe ukafanya uzembe huohuo. Moyo ulikukatalia Januari, kwenye maegesho ya magari ya ofisi yenu kule Golden Valley, funguo za gari mkononi. Nilimpigia mama yako Tabora kwa simu ya parokia ya kwao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huko kuna Mzaramo?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi hakufa peke yake. Mzike."

Aliyenipa mahali pa kukuzika ni bibi mwenye nyumba wako, yule wa asili ya Norwei uliyemwondolea theluji mlangoni bila kuombwa. Ukoo wake una eneo katika yale makaburi ya zamani ya mjini, ambako siku hizi hazikwi mtu ila wenye nafasi zao. Akasema, "Kuna pa mtu mmoja kati ya dada yangu na ukuta. Dada yangu hakupenda watu, lakini atazoea."

Kaburi lilichimbwa na mashine, ardhi ikiwa ngumu kama sufuria, kwa hiyo haki yangu ya kuchimba ikapotea. Nikabaki na moja: kushuka shimoni na kukataa kutoka mpaka nilipwe, kama ilivyo desturi ya watani. Nikashuka. Nilikuwa nimelivaa lile koti, nimelichukua tena chumbani kwako, nikatembea mlemle shimoni mwendo wako wa bata aliyeshiba. Mkuu wa mazishi alishika kichwa. "Sitoki mpaka mnipe changu!" nikapiga kelele. Wenzetu walicheka na machozi yakiwatoka. Bibi yule, bila kuelezwa na mtu, akavua glovu zake za sufu akanitupia. Nikatoka. Au tuseme walinitoa, maana magoti yalikuwa yameganda.

Miaka ile ya mwanzo nilikutembelea kwa kupita penye uzio ulioanguka. Makaburi yalikuwa yamechoka: mawe yamelala kifudifudi, chupa za walevi, nyasi hadi kiunoni. Kisha ikaja kamati ya kuyatengeneza. Nisiwe mnafiki, kazi yao ni nzuri. Waliyainua mawe moja moja, wakayaosha kwa maji na brashi laini kama mtu anayemwogesha mtoto, wakaunga vyuma vya uzio. Halafu wakatia kufuli.

Utaratibu wao ulikuwa hivi: siku za kazi lango liko wazi kwa wote, saa zilezile ambazo mimi nawainua wazee vitandani kwenye nyumba ya kulelea wazee. Jumapili, ndugu wa marehemu tu, kwa kibali. Nikaenda kwa mwenyekiti wao, mwanamke nadhifu anayeyajua mawe yote kwa majina.

"Wewe ni nani wake?" akaniuliza.

"Mtani."

"Ndiyo kusema ndugu?"

"Hapana. Ndugu hulia. Mimi kazi yangu ni kumcheka."

Akanitazama kama anayetazama jiwe lisilosomeka. "Samahani, bwana. Tunaruhusu familia."

Njeri, Mkenya ninayefanya naye kazi, alinishangaa. "Wee, si useme tu ni cousin yako! Nani ata-check? Mimi hapa Minnesota niko na macousin hata majina siwajui!"

Ningeweza, Maganga. Neno moja tu na ningeingia. Lakini nikiingia kwa jina la ndugu, itabidi nisimame pale na maua, nimeinamisha kichwa. Nani atakucheka? Ukikosa wa kukucheka utakuwa umekufa kweli. Nikakataa. Jumapili nikawa nakutukana kutoka nje ya uzio, wapita njia wakivuka barabara kunikwepa.

Ikafika siku ya kufungua rasmi, Mei, siku ile wanayopeleka bendera na maua makaburini. Utepe umefungwa langoni, wageni na tai zao, kahawa mezani. Nikaja na koti la machungwa juani, nikajilaza chini ya utepe, kutoka nguzo hadi nguzo.

"Bwana, unaumwa?" akauliza mwenyekiti.

"Siumwi. Nimeziba njia."

Mzee mmoja mwenye tai akatoa pochi. Nikakataa. Babu zangu nadhani waligeuka makaburini mwao, maana tangu utani uwepo hakujatokea Mzaramo wa kukataa pesa. Askari akaja: "Inuka, au nikuinue."

"Niinue. Ila koti ni la marehemu, angalia zipu."

Hapo akafika yule bibi mwenye nyumba wako na kile kigari chake cha kutembelea chenye kiti. Akainama. "Unadai nini safari hii?"

"Jumapili."

Akafunga breki, akaketi kando ya kichwa changu. "Basi na mimi sina haraka. Dada yangu yuko ndani, hajawahi kumsubiri mtu. Leo atajifunza."

"Lakini bibi," mwenyekiti akasihi, "huyu si familia."

"Nusu ya familia yangu haijakanyaga hapa. Huyu aliingia kaburini kabisa. Mnataka nini zaidi?"

Watu wakaanza kucheka, kwanza wa nyuma, halafu hata yule wa tai. Kahawa ikapoa. Mwenyekiti akashusha pumzi: "Jumapili hatuna hata mtu wa kushika lango siku nzima."

"Mnaye," nikasema. "Amelala hapa."

Utepe wakaukatia juu yangu.

Sasa ufunguo ninao. Waliponitengenezea beji wakauliza waandike cheo gani, nikawaambia MTANI, herufi kubwa, na ndivyo ilivyo. Jumapili iliyopita mwenyekiti alileta wageni kabla ya saa ya kufungua. Nikamuuliza kutoka ndani, "Wewe ni nani wao?" Akasema ni mwenyekiti. Nikamwambia wafu hawakupiga kura. Akacheka, akanipa kahawa kwenye chupa, ndipo nikafungua. Anajifunza.

Kwa hiyo lala, mtumwa wangu. Umelala chini ya ufunguo wa Mzaramo, na hakuna baraza litakalonitoa hapo. Sijalia. Wakikwambia waliniona nalia ukutani baada ya kufunga, ilikuwa ni upepo.

Lakini nina neno nawe. Umetangulia, na mimi sasa nani atanizika? Bibi ananiambia bado kuna nafasi ndogo upande wa pili wa dada yake. Nimemjibu siingii shimoni bila Mnyamwezi wa kunitukana. Nasikia kuna mmoja amehamia Blaine, ana nyumba mpya na koti zuri sana. Jumamosi nakwenda kumsalimia.

Nitarudi nimelivaa.

Mtani wako, mshika lango