Dishi Letu la Waithaka

Waithaka,
Juni 2009

Shemeji Muigai,

Sisi huku tunaendelea. Mvua imekataa, sukuma imekauka shambani, na Becky wetu ameng'oka meno ya mbele. Nakuandikia kwa sababu simu yako haiingii.

Unakumbuka ile kampuni ya televisheni ya kulipia iliyomwajiri ndugu yako Ndegwa kufunga dishi? Ilinunuliwa na mshindani wake mkubwa. Ofisi yao ya mjini ikafungwa kwa mnyororo. Hao wakubwa walichukua wateja, wakachukua hata ngazi, lakini mafundi hawakuwataka. Ndegwa wakamwita kama kibarua tu, arudi mtaa wa Kilimani kugeuza madishi aliyofunga mwenyewe, yaelekee setelaiti yao. Mkanda wa usalama hawakumpa.

"Nitapanda hivyo hivyo," akaniambia. "Watu wanataka mpira Jumamosi."

Jumamosi asubuhi vigae vya paa vilikuwa na umande. Aliteleza.

Nilienda ofisini kwa hao wakubwa kudai haki yake, Muigai. Msichana wa mapokezi akaniuliza kwa upole, "Mama, alikuwa wa kampuni gani?" Nikamtajia ile ya zamani. "Hiyo haipo tena," akasema, akaita anayefuata. Nilitamani kuipindua ile meza.

Hatujamzika, tunakungoja wewe. Mama yenu bado hajaambiwa. Siwezi peke yangu.

Becky ananiuliza mbona televisheni yetu ni nyeusi. Dishi letu bado linaangalia upande wa zamani. Ndegwa alisema atageuza ya wateja kwanza, letu liwe la mwisho.

Ni mimi, mke wa ndugu yako hata sasa,
Waringa